Derek Bell, mshindi mara tano wa Le Mans: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Derek Bell ni nani hasa?

Ni dereva wa Kiingereza, mzaliwa wa Pinner, Middlesex, tarehe 31 Oktoba 1941, aliyekulia Pagham, kijiji cha pwani ya kusini ya Uingereza. Alishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mara tano: 1975, 1981, 1982, 1986 na 1987. Alishinda saa 24 za Daytona, Marekani, mara tatu: 1986, 1987 na 1989. Alikuwa bingwa wa dunia wa magari ya spoti miaka miwili mfululizo, 1985 na 1986, na mwaka huo wa 1986 akatunukiwa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza.

Hakuna Mwingereza mwingine aliyefikisha ushindi wa Le Mans mara tano. Kwa dunia nzima wanaomzidi ni wawili tu, Tom Kristensen wa Denmark mwenye tisa na Jacky Ickx wa Ubelgiji mwenye sita. Frank Biela na Emanuele Pirro wanalingana naye. Na katika hizo sita za Ickx, tatu alizipata akipokezana usukani na Bell.

Mtaje kwa mtu anayefuata langalanga, yaani Formula One, peke yake, atakuuliza mbona hajawahi kumsikia. Swali la haki kabisa, na majibu mengi hapa chini yanalizunguka hilo.

Mbio za magari ya spoti zinatofautianaje na Formula One?

Formula One ni mtu mmoja na gari lake, chini ya saa mbili kazi imekwisha. Huku gari moja huendeshwa kwa zamu na madereva wawili au watatu, kwa saa sita, kwa kilomita 1000, au kwa saa 24. Le Mans huanza Jumamosi, kwa desturi saa kumi jioni, na kuisha Jumapili saa hiyo hiyo. Mvua ikinyesha, magari yanaendelea. Giza likiingia, taa zinawashwa. Mshindi ni aliyekwenda umbali mrefu zaidi. Mzunguko mmoja una urefu wa kilomita 13 na ushei, na sehemu kubwa yake ni barabara ya kawaida ambayo siku nyingine hupita malori na watu wanaokwenda zao kazini.

Jambo jingine: magari ya madaraja tofauti hukimbia pamoja. Mwenye gari la kasi hushinda siku nzima na usiku kucha akiwapita wa polepole, wengine wao wakiwa wamechoka, wengine wageni wa barabara ile. Ukikosea kumkadiria mmoja tu kati ya mamia utakaowapita, umemaliza kazi ya watu wote wa timu.

Kwa waliolelewa na Safari Rally, tofauti ni kwamba mwenzako hakai kiti cha pembeni akikusomea barabara. Yuko nyuma ya kituo cha mafundi, anajaribu kulala, na gari atalikuta jinsi ulivyoliacha. Ukiunguza klachi au ukimaliza breki kwa kiburi, mzigo ni wake. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo timu za mbio hizi hujiuliza kuhusu dereva ni kama gari linarudi likiwa zima, na hapo ndipo Bell alipowashinda wengi waliokuwa na majina makubwa kuliko lake.

Aliingiaje kwenye mbio?

Kupitia shamba. Familia yake ilikuwa na shamba Pagham, na baba yake wa kambo ndiye aliyemshika mkono alipoanza. Gari la kwanza lilikuwa Lotus Seven, kigari kidogo chepesi kisicho na paa. Mbio za kwanza zilikuwa Goodwood mwaka 1964, karibu na kwao, na akashinda siku hiyo hiyo. Kutoka hapo akapanda Formula Three, na mwaka 1968 familia ikaingia Formula Two, ngazi iliyo chini ya Formula One, na timu yao wenyewe, Church Farm Racing, wakiwa na gari la Brabham.

Msimu huo haukuwa umefika mbali Ferrari walipomwita. Septemba 1968 alikuwa Monza kwenye gari jekundu, mbele ya Waitaliano, akianza mashindano yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa Formula One. Miaka minne tu baada ya kile kigari cha Goodwood.

Sasa kwa nini hakung'ara Formula One?

Kwa sababu kila alipofungua mlango alikuta chumba kinahamwa. Ferrari ya 1968 haikuwa na magari ya kutosha wala utulivu, na gari lake la Monza halikumaliza. Mwaka 1969 McLaren walimpa kwenye mashindano ya Uingereza gari la kuendeshwa na magurudumu yote manne, jaribio ambalo hawakulirudia tena. Mwaka 1970 alipata gari la Surtees huko Watkins Glen, Marekani, akamaliza wa sita, akapata pointi moja. Hiyo ndiyo pointi yake pekee ya maisha katika Formula One. Baadaye akawa na Tecno ya Italia, gari lililokuwa likiharibika kuliko kutembea, kisha Surtees tena mwaka 1974, ambako mara nyingi hakufuzu hata kuanza. Kwa jumla alianza mashindano tisa ya ubingwa wa dunia.

Wanaosema hakuwa na kasi waangalie mwaka 1970, alipomaliza wa pili katika ubingwa wa Ulaya wa Formula Two nyuma ya Clay Regazzoni. Kasi alikuwa nayo. Alichokosa ni kuwa mahali sahihi wakati timu ina gari. Naona pia, na hili ni langu, kwamba hakuwa na ule ukatili wa kuipangua timu nzima ili imzunguke yeye, na Formula One huwapenda watu wa namna hiyo.

Ni kweli alishiriki filamu ya Steve McQueen?

Kweli, ila kama dereva. Mwaka 1970 McQueen alipiga filamu kuhusu mbio za Le Mans, na madereva halisi walilipwa kuendesha magari halisi kwa mwendo uliokaribia wa mashindano. Bell alikuwa mmoja wao. Ferrari 512 aliyokuwa akiiendesha ilishika moto wakati wa kupiga picha, akaruka nje akiwa na majeraha madogo ya kuungua. Juni ya mwaka huo ndiyo aliyokimbia Le Mans kwa mara ya kwanza, na 512 pia, pamoja na Msweden Ronnie Peterson. Ferrari kadhaa ziligongana kwenye mvua mapema kabisa. Yeye alipenya katikati yao, lakini injini ikafa muda mfupi baadaye.

Porsche 917 ilikuwa inakwenda kasi gani, na yeye aliiendeshaje?

Mwaka 1971 alijiunga na timu ya John Wyer, ile ya magari ya buluu hafifu yenye mstari wa chungwa wa kampuni ya mafuta ya Gulf. Mwenzake alikuwa Mswisi Jo Siffert. Mbio zao za kwanza pamoja, kilomita 1000 za Buenos Aires mwezi Januari, walishinda.

Le Mans mwaka huo walipewa 917 ya mkia mrefu. Wakati ule barabara ndefu ya Mulsanne ilikuwa imenyooka kwa kilomita sita hivi bila kizuizi. Vile vizuizi viwili vya kupunguza mwendo viliwekwa mwaka 1990. Gari lilikuwa likipita kilomita 380 kwa saa. Kwa mwendo huo mguu unabaki chini karibu dakika nzima, na kuelekea mwishoni kuna kona ndogo ya kulia ambayo kwenye ramani huioni, ila ndani ya gari unaiona vizuri sana. Usiku taa zinamulika kipande kifupi cha lami, na gari limeshafika kabla jicho halijakimaliza. Hapo unakwenda kwa kumbukumbu: mti fulani, alama fulani pembeni, hesabu ya kichwani. Siffert na Bell hawakumaliza, gari liliharibika. Oktoba mwaka huo Siffert alikufa kwenye mbio za Formula One huko Brands Hatch, Uingereza.

Ushindi wa kwanza wa Le Mans aliupataje?

Mwaka 1975, na Ickx, kwenye gari la Gulf Mirage. Hapo katikati alikuwa ameshashinda kilomita 1000 za Spa, Ubelgiji, mwaka 1973 akiwa na Mike Hailwood, na mwaka 1974 wawili hao walimaliza Le Mans wakiwa wa nne.

Mbio za 1975 zilikuja baada ya bei ya mafuta kupanda duniani. Waandaaji waliweka sharti kwamba gari lisijaze mafuta kabla ya kumaliza mizunguko 20. Timu nyingi kubwa hazikuja. Injini ya Mirage ilikuwa Cosworth DFV, silinda nane, iliyotengenezwa kwa Formula One: tamu kwa saa mbili, lakini mtetemo wake hulegeza na kupasua kila kilichofungwa karibu nayo. Wahandisi waliipunguza makali. Madereva wakaambiwa waendeshe kwa kubana mafuta, wabadilishe gia mapema, wasiishindilie. Ickx na Bell waliongoza sehemu kubwa ya mbio, wakaja kuhangaishwa mwishoni na nyufa za vyuma vya nyuma na bomba la moshi, na kushinda kwa mzunguko mmoja mbele ya Ligier. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa DFV pale Le Mans.

Wapo wanaoudharau ushindi huo kwa kuwa wapinzani walikuwa haba. Mimi sioni hivyo. Mwaka huo huo Bell alishinda mara tatu na Henri Pescarolo kwenye Alfa Romeo, Spa ikiwemo, katika ubingwa wa dunia wenyewe, kwa gari la aina nyingine na timu ya nchi nyingine.

Kwa nini yeye na Jacky Ickx waliwezana?

Kwa sababu hawakuwa wakishindana wao kwa wao, jambo ambalo madereva wengi wa gari moja hulisema mdomoni tu. Ickx alikuwa nyota: alikuwa ameshinda mashindano ya Formula One akiwa na Ferrari, na mvua na usiku vilikuwa vyake. Bell alikubali kuitwa wa pili katika vichwa vya habari huku muda wake wa mzunguko ukiwa karibu sawa na wa mwenzake.

Ushindi wa 1981 una kisa chake. Porsche walikuwa wameandaa injini ya lita 2.65 kwa ajili ya mbio za Indianapolis, mpango ukafa, injini zikabaki. Wakaichukua moja, wakaitia kwenye gari la 936 ambalo enzi yake ilionekana imepita, na giaboksi ya gia nne iliyotoka kwenye yale madude ya mbio za Can-Am za Amerika Kaskazini. Kiraka juu ya kiraka, ungesema. Ickx na Bell walishinda kwa mizunguko 14.

Mwaka uliofuata walikuwa na gari jipya kabisa, Porsche 956, lililobeba namba 1. Walimaliza wa kwanza, namba 2 ikawa ya pili, namba 3 ikawa ya tatu. Mizunguko yao ilikuwa 359.

Kubana mafuta kunamaanisha nini kwenye mbio? Si ni kupunguza mwendo tu?

Sivyo, na hili ndilo linalowachanganya watu zaidi kuhusu miaka ile.

Kuanzia 1982 magari ya Group C, daraja la juu la magari ya spoti, yalipewa mgao wa mafuta. Tangi halikuruhusiwa kuzidi lita 100, na mbio za kilomita 1000 ziligawiwa lita 600. Nguvu ya injini haikuwekewa kikomo. Yaani ungeweza kujenga injini ya nguvu farasi 800 ukipenda, lakini ukiitumia yote utasimama porini na tangi tupu kabla ya bendera. Shindano likawa la nani anakwenda kasi zaidi kwa kila lita.

Ndani ya 956 na baadaye 962 dereva alikuwa na kitufe cha kuzungusha cha kupandisha au kushusha msukumo wa turbo, na kwenye dashibodi kipimo cha mafuta. Msukumo ukiushusha unapoteza mwendo kwenye barabara iliyonyooka. Dereva mwerevu anatafuta mafuta mahali pengine. Anaondoa mguu kwenye mafuta mita kadhaa kabla ya pale anapotakiwa kukanyaga breki, anaacha gari liserereke lenyewe, kisha anaingia kwenye kona kwa mwendo ule ule ambao angeingia nao. Amepoteza sehemu ndogo ya sekunde, ameokoa mafuta, na breki zimepumua. Akitoka kwenye kona anapandisha gia mapema, haisubiri injini ipige kelele. Anapompita mtu anachagua mahali ambapo hatalazimika kusimama na kuanza upya, kwa sababu kuanza upya ndiko kunakomeza mafuta. Fanya hivyo kila kona, usiku kucha, na ukiangaliwa na saa isionekane kwamba unafanya.

Mbio za kwanza za 956, Silverstone mwaka 1982, Ickx na Bell walilazimika kutambaa ili mafuta yatoshe, wakawa wa pili nyuma ya Lancia ya sheria za zamani ambayo haikuwa na mgao. Mwezi mmoja baadaye waliizoa Le Mans. Kwa sanaa hii Bell alikuwa mwalimu. Wapo waliompita kwa mzunguko mmoja wa kufuzu, wachache walimpita ikihesabiwa namba ya lita.

Mbio zipi zilikuwa bora zaidi kwake?

Orodha itakwambia 1987. Mimi ningechagua zile alizoshindwa mwaka 1983.

Ickx aligongana na gari jingine mwanzoni kabisa, wakashuka hadi nyuma huko. Kwa saa zilizobaki wawili hao walipanda, gari moja baada ya jingine, hadi Jumapili mchana wakabaki nyuma ya Porsche ya wenzao wa timu, Vern Schuppan, Hurley Haywood na Al Holbert. Mlango wa gari linaloongoza ulikuwa umeng'oka, hewa ikawa haiendi inakotakiwa, na upande mmoja wa injini ukaanza kuchemka. Holbert alikuwa kwenye usukani akililea gari linalokufa, Bell nyuma akimla sekunde kwa sekunde, naye breki zake zimechoka na mafuta yako ukingoni. Mzunguko wa mwisho injini ya Holbert ilitoa moshi na karibu igande, akaifikisha kwenye mstari hivyo hivyo. Magari yote mawili yalikuwa kwenye mzunguko mmoja, baada ya saa 24.

Miaka mitano baadaye yakamtokea tena. Mwaka 1988, akiwa na Hans Stuck na Klaus Ludwig, walikuwa wa pili nyuma ya Jaguar, tena kwenye mzunguko mmoja. Ludwig alikuwa amechelewa kuja kujaza mafuta, gari likakata karibu na kituo, likarudi kwa kujikongoja na muda ukapotea ambao haukupatikana tena. Kwa timu ya Porsche iliyojua mafuta kuliko yeyote, uchungu wake unaweza kuukisia.

Stefan Bellof alikuwa na uhusiano gani naye?

Mwaka 1983 Porsche walimpa Bell kijana wa Kijerumani wa kuendesha naye, na kijana huyo alikuwa na kasi iliyotisha. Nürburgring, Ujerumani, kwenye ile barabara ndefu ya milimani ya kilomita 20 na zaidi, Bellof alifuzu kwa dakika 6, sekunde 11 na nukta 13. Rekodi hiyo ilikaa miaka 35. Kwenye mbio zenyewe, akiwa anaongoza vizuri, alilirusha gari. Bell alikuwa akisubiri zamu yake, na zamu haikuwepo tena.

Walishinda pamoja Silverstone, Fuji ya Japani na Kyalami ya Afrika Kusini mwaka huo. Bell alikuwa na miaka zaidi ya arobaini, Bellof ishirini na ushei. Mmoja alijua kulifikisha gari, mwingine kulikimbiza. Mwaka 1984 Bellof akawa bingwa wa dunia. Tarehe 1 Septemba 1985, akiwa kwenye Porsche ya timu binafsi, alijaribu kumpita Ickx kwenye kona ya Eau Rouge huko Spa, wakagusana, akafa. Wiki tatu nyuma yake Manfred Winkelhock alikuwa amekufa baada ya ajali ya Mosport, Kanada, katika mbio ambazo Bell na Stuck walishinda. Ickx alistaafu mbio za lami mwisho wa mwaka.

Ubingwa wa dunia aliupata akiwa na nani?

Na Hans-Joachim Stuck, Mjerumani mrefu mwenye vichekesho, mtoto wa dereva maarufu wa kabla ya vita. Waligawana ubingwa wa 1985. Mwaka 1986 ukaandikwa kwa jina la Bell, akiwa na umri wa miaka 44 na siku zake 45 zikibisha hodi.

Gari lao, 962C, lilitumika pia kama maabara. Lilibeba giaboksi ya klachi mbili ya Porsche, PDK, ambayo wakati ule ilikuwa nzito na ikiharibika ovyo. Monza mwaka 1986 Stuck na Bell walishinda nayo. Leo giaboksi za namna hiyo ziko kwenye magari ya mtaani; wale wawili waliitesa, nayo ikawatesa, ili wengine tusiteseke.

Na Marekani?

Huko alikimbia na timu ya Al Holbert, yule yule aliyemshinda 1983. Daytona hufanyika Januari au Februari, usiku wake ni mrefu kuliko wa Le Mans ya Juni, na sehemu ya barabara ni ukuta wa lami ulioinama kiasi kwamba kutembea juu yake kwa miguu ni kazi. Alishinda 1986 na 1987 na timu ya Holbert, Al Unser Jr. akiwemo mara zote mbili, kisha 1989 na Bob Wollek na John Andretti.

Kwa hiyo miaka ya 1986 na 1987 alishinda Daytona na Le Mans, mwaka mmoja baada ya mwingine, Le Mans zote mbili akiwa na Stuck na Holbert. Ile ya 1987 Porsche walianza kupoteza magari mapema, moja likavunjika hata kabla ya mbio, mengine injini zikafa ndani ya saa za mwanzo. Likabaki lao peke yao dhidi ya Jaguar tatu. Jaguar zikapungua moja moja, na gari la Bell likashinda kwa mizunguko 20.

Aliwahi kukimbia Afrika?

Ndiyo. Ile Kyalami niliyoitaja, kilomita 1000 mwaka 1983 karibu na Johannesburg, aliishinda na Bellof. Upande wetu huku wa Afrika Mashariki mbio zake hazikufika. Magari ya namna ile hayana kazi kwenye barabara ya vumbi.

Alikuwa haogopi?

Hesabu waliokaa naye gari moja. Siffert, 1971. Peterson, 1978, baada ya ajali ya Monza. Hailwood, aliyenusurika pikipiki na magari ya mbio, akafa kwa ajali ya barabarani mwaka 1981. Bellof, 1985. Holbert, 1988, ajali ya ndege yake ndogo. Kwenye Le Mans alizoshinda pia kulikuwa na misiba: Jean-Louis Lafosse mwaka 1981 na Jo Gartner usiku wa 1986, kwenye barabara ile ile ya Mulsanne ambayo Bell alilazimika kuendelea kuipita hadi asubuhi.

Yeye mwenyewe alitoka miongo mitatu bila ajali ya kumvunja. Bahati ipo, hakuna atakayekataa. Lakini tabia ile ya kuliacha gari lipumue, kutolazimisha nafasi ya kumpita mtu kwa sababu ya hasira, ilimpunguzia hatari bila shaka.

Mwanawe naye ni dereva?

Justin Bell, ndiyo. Alikuwa bingwa wa GT2, daraja la magari ya mbio yanayotokana na ya mtaani, mwaka 1997, na mwaka 1998 alishinda daraja lake Le Mans akiwa na Dodge Viper.

Lakini watu wanaikumbuka zaidi 1995. Baba na mwana, pamoja na Andy Wallace, walikuwa kwenye McLaren F1 GTR ya rangi ya njano na kijani. Derek alikuwa na miaka 53. Mvua ilinyesha karibu muda wote, na gari lao liliongoza kwa saa nyingi. Saa chache kabla ya mwisho giaboksi na klachi vikaanza kugoma. Kupata gia ikawa kazi. McLaren nyingine ikawapita, kisha gari la Courage, wakamaliza wa tatu. Jukwaani walipanda baba na mtoto wake. Mwaka uliofuata Derek alikimbia Le Mans kwa mara ya mwisho, akawa wa sita. Ilikuwa mara yake ya 26.

Je, ndiye dereva bora wa Uingereza wa magari ya spoti?

Kwa idadi, hakuna wa kubishana naye. Kwa kasi tupu wengine watakutajia Brian Redman au Allan McNish, na hawatakuwa wamekosea. Ukiniuliza ningemkabidhi nani gari langu saa tisa za usiku, mvua inanyesha, mafuta ya kuhesabu na breki nusu, jibu langu ni Bell na silifikirii mara mbili.

Magari yake yanaonekana wapi leo?

Porsche 956 iliyoshinda 1982 iko kwenye jumba la makumbusho la Porsche huko Zuffenhausen, Stuttgart. Kwenye tamasha la magari la Goodwood, jirani na Pagham alikokulia, magari ya aina ya 917, 956 na 962 huwashwa na kuendeshwa, na Bell amekuwa mgeni wa mara kwa mara pale. Ukienda, usimalizie muda wote kwenye mabawa na rangi za wadhamini. Chungulia ndani upande wa dereva, utafute kile kitufe cha turbo.